Njiwa Wawili Kutoka Dodoma Hadi Mpwapwa

Nilisafiri kwa sababu ya mdomo wangu. Bwana Simu, Mdachi anayetunza waya wa simu pale boma la Mpwapwa, alitusimulia wanafunzi jinsi Wazungu wanavyoshindanisha njiwa. Huwatia matengani, wakawapandisha gari la moshi mpaka nchi jirani, wakawaachia, na mji mzima ukakodolea macho mbingu. Wazazi wa njiwa wake walikuja kwa meli kutoka Ubelgiji, na mpaka leo hawafunguliwi, wasije wakarudi kwao. Wana wao wamezaliwa hapa, basi kwao ni hapa.

Nikaropoka, "Bwana, njiwa wangu Kiroboto anawashinda wote!"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Njiwa wangu kumi na mmoja walikuwa wakiwatongoza majike wake na kuharibu ukoo. "Vema," akasema. "Waachiwe Dodoma. Karatasi ya mguuni itakayofika mezani kwangu kwanza imeshinda. Wako akishindwa, wote kumi na mmoja sufuriani."

Jumatatu alfajiri tuliondoka. Bibi yangu, anayenilea, aliuliza jambo moja tu.

"Mnawaachia lini?"

"Ijumaa, jua likichomoza."

"Haya. Usile ovyo njiani."

Kiroboto hampendi hata kidogo. Kila akitua juu ya paa bapa la tembe letu, Bibi humrushia dongoa. Nikajua moyo wake uko kwenye mchuzi.

Chunyu, jioni. Maji ya hapa yana chumvi, ungesema mtu kayakoleza. Mwenzangu alikuwa Juma, Mrangi wa Kondoa, mtunza njiwa wa Bwana, amembeba bingwa wao Jemadari.

"Mdogo wangu, huyo wako ana shingo ya kuku mgonjwa."

"Na wako, kaka, ana tumbo la akida."

Siku mbili zilizofuata ni nyika, miiba na kiu. Kiroboto alikunywa kwanza. Mimi nikamumunya kijiwe.

Dodoma, Alhamisi jioni. Reli ilikuwa bado. Vigingi vyake tu ndivyo vilivyokuwa vimefika. Mzee Mlewa, Mgogo mwenye ng'ombe wengi, alitupokea. "Mbukwenyi!" akatusalimu, akachungulia matenga. "Mmetembea siku nne kuwaleta ndege wanaojua kuruka?" Tukanawa mikono, tukala ugali wa uwele na mlenda.

Ijumaa, jua linachomoza. Tukafunga karatasi, tukafungua matenga. Jemadari akafyatuka kama mshale kuelekea mashariki! Kiroboto akazunguka mara tatu, akatua mgongoni mwa ng'ombe wa Mzee Mlewa.

"Ruka, we mwehu!" nikapiga kelele. Akajikuna. Kisha akaruka.

Juma alicheka mpaka akakaa chini. "Katafute vitunguu, mdogo wangu."

Kurudi ni siku nne zilezile, ila sasa zina miguu mirefu. Juma alinitajia njiwa wangu mmoja mmoja: huyu wa nazi, huyu wa kukaanga. Nilicheka naye, huku nikiongeza mwendo.

Jumatatu jioni, Mpwapwa. Nilikimbia mpaka mlangoni. Nikahesabu: kumi na mmoja! Kiroboto yuko kiotani mwake, kalala.

"Shikamoo Bibi! Imekuwaje?"

"Marahaba. Yule wa Bwana alitangulia mbali. Sasa, nilikuwa nimeanika uwele juu ya tembe. Akashuka kula. Mgeni nimfukuze?"

"Na Kiroboto?"

"Huyo anayajua madongoa yangu. Aliupita uwele bila kuutazama, akaingia kiotani mwake. Nikamfungua karatasi, nikaenda nayo bomani. Wala sikukimbia. Jemadari wao alifika adhuhuri, kavimbiwa."

Kwa hiyo ndugu zangu wa darasani mliocheka, niliyojifunza ni haya: Dodoma ni mbali, maji ya Chunyu msiyajaribu, na ndege hashindi kwa mbawa peke yake. Malezi nayo yana kazi yake.

"Lakini Bibi," nilimwuliza jioni ileile, "uwele si tulishauanika mwezi uliopita, tukauweka ghalani?"

"Ulishika unyevu."

"Kwa jua hili la Ugogo?"

Akainama, akaokota dongoa. Nikaingia ndani moja kwa moja, kama Kiroboto.