Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Nilipofungua steshenari yangu pale Runazi nilikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya mtumba, iliyonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Nilichapa barua za watu na kutoa fotokopi. Wateja wakipungua nilicheza gemu la mpira, lile linalochezeka kwenye kompyuta na kwenye simu pia, huku nikiwachokoza wenzangu wa grupu letu. Walikuwa wachezaji wa Ngara na Biharamulo, wengi wao sijawahi kuwatia machoni.

Kwenye grupu kila mtu alikuwa na mashine ya ajabu. Mmoja wa Nemba alidai kibodi yake inawaka rangi saba. Mwingine wa Mbuba alisema skrini yake inajaa ukuta. Mimi, nisionekane mnyonge, nikaandika kwamba kompyuta yangu ni kali mno hadi inapozwa kwa maji.

"Maji ya mto gani?" akauliza yule wa Mbuba.

Huyo ndiye aliyekuwa akinitia kichaa. Picha yake ilikuwa ya mbuzi. Alinifunga kila tulipokutana mtandaoni, kisha akaandika, kwa nukta na mkato vilivyokaa sawasawa: "Pole, kijana. Labda ujaribu bao." Siku moja hasira zikanipanda, nikamjibu: "Wewe mtoto, kanywe uji ulale." Grupu zima likacheka. Yeye akaandika tu kwamba Jumamosi anakuja Runazi kwenye harusi ya ndugu yake, hivyo angepita kuiona hiyo mashine.

Ningeweza kukiri. Badala yake, Jumamosi asubuhi nilijaza beseni maji, nikaliweka nyuma ya kompyuta, nikachovya humo kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Ncha ya pili nikaibandika kwenye tundu la feni kwa gundi ya karatasi. Ukiangalia kwa mbali, tena bila miwani, ilipendeza.

Saa nne akaingia mama mtu mzima, amevaa kitenge kipya, miwani puani, mkoba kwapani. Nikadhani anataka fotokopi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akazunguka meza bila kukaribishwa, akainama, akaushika ule mpira kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo. Ukatoka.

"Kumbe maji yenyewe hayapandi," akasema. "Mimi ndiye yule mtoto. Uji nimeshakunywa."

Nikajikuta nimesema shikamoo tena.

"Ya kwanza inatosha. Nipishe kiti."

Akaniambia alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipostaafu nyumba ilikuwa kimya mno, redio ikamchosha, ndipo akaanza gemu. Tukaanza mechi: mimi nilicheza kwa simu yangu, yeye akakaa kwenye kompyuta. Ilipoganda aliigonga ubavuni kwa kidole, kama anayemwamsha mwanafunzi anayesinzia, nayo ikaamka. Kwangu ikiganda huwa naizima na kuiwasha upya. Akina mama wawili waliokuja na vyeti vyao wakasahau fotokopi, wakawa wanamshangilia. Alinifunga manne bila.

"Na skrini yako, mama, ile inayojaa ukuta?" nikauliza nikitafuta pa kujishikiza.

Akafungua mkoba, akatoa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni.

"Inategemea ukuta," akasema.

Tulicheka hadi nikajigonga kwenye beseni, maji yakamwagika sakafuni. Akanisaidia kuinua waya, kitenge amekikunja magotini, kisha akakumbuka harusi na kutoka mbio.

Jioni grupu likawaka: aliiona? Ikoje? Akaandika: "Nimeiona. Sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Na maji yapo, mengi." Hakuongeza neno, na katika yote hayo hakusema uongo hata mmoja. Kwa wiki nzima niliheshimiwa kuliko nilivyostahili.

Tangu siku hiyo namwita mwalimu mbele ya wote. Wenzetu wanadhani nimekubali kwamba yeye ni kiboko yangu, nami siwasahihishi, maana hilo nalo ni kweli. Juzi nilimfunga goli moja. Aliandika kwamba simu ilimteleza mkononi akiwa anachambua maharage.