Mama wa Stesheni ya Kidete

Mwalimu Elineema wa Kilosa alipenda kupiga picha siku za mapumziko na kuziweka kwenye tovuti ya wapiga picha. Jumamosi moja mwaka 2013 aliifungua kwenye kafe ya intaneti, akakuta imebadilishwa: picha zimejaa kioo chote, maelezo yake yamefichwa.

"Wameiharibu!" alilalamika.

Marciana, mwenye kafe, akasogea kutazama. Kwenye kioo ilikuwa picha aliyoipiga Elineema zamani, ya abiria kwenye stesheni ya reli ya Kidete. Marciana akamnyooshea kidole mwanamke aliyesimama pembeni mwa picha.

"Mwalimu, huyu ni marehemu mama! Sina picha yake hata moja."

Elineema hakuwahi kumtilia maanani mama yule, maana kabla ya mabadiliko tovuti ilionyesha picha ndogo kama stempu.

Marciana aliichapisha palepale. Elineema akabaki akifungua picha zake nyingine, akizitazama nyuso taratibu.