Oili Mpya ya Gari la Baba

Leo injini ya gari la baba imenoki, na fundi amesema haifufuki.

Ni ile ya rotari, inayozunguka badala ya kutumia pistoni. Baba alilinunua mtumba miaka ya tisini, magari ya Japani yalipoanza kumiminika Mwanza, na tangu hapo ameliwekea oili ya kawaida tu.

Jana kaka akaweka sintetiki, ile ya bei mbaya, amfurahishe mzee.

Kumbe sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, zimechoka, na sintetiki ni nyepesi mno kwao. Oili yote ikavuja njiani, tukazimikia Mkuyuni.

"Mmeweka oili gani?" baba akauliza.

Kaka akamwambia.

Baba hakufoka. Akampa funguo. "Shika, mwanangu. Nilikuwa nalitunza nije nikupe wewe."

Kaka bado amekaa ndani ya gari, hataki kushuka.

Jamani, nimwambie nini?