Ushuhuda Uliosahaulika Kwenye Printa

Kanisani kwetu Edmonton, London, walinicheka karibu miaka minne. Nilikuwa nasomea udaktari Marekani, kwenye chuo cha osteopathia, ambako unafunzwa udaktari kamili na juu yake unafunzwa kutibu kwa mikono. London neno hilo humaanisha mtu wa kunyoosha migongo. Basi shangazi mmoja wa kanisani, nesi wa miaka mingi, akanibandika jina: daktari wa kukanda. "Msichana amevuka bahari aende akakande watu," aliwaambia wenzake kwenye foleni ya chai, nami niko nyuma yake na kikombe changu. Mama alicheka nao kwa adabu, kisha akaenda kulia chooni. Sijamsamehe yule mwanamke wala sina mpango.

Nilichotaka mimi ni nyurolojia, tiba ya ubongo na neva. Marekani ukikaribia kumaliza chuo unapeleka maombi ya ubingwa, unahojiwa, kisha wewe unapanga orodha ya hospitali unazotaka, nazo zinapanga orodha ya watu zinaowataka, na kompyuta inawaunganisha. Ukikosa, umeupoteza mwaka. Sisi wa osteopathia kuna hospitali ambazo hazifungui hata faili zetu. Nilihitaji barua ambayo mtu akianza kuisoma hawezi kuiweka chini.

Niliipata kwenye mkono wa mama.

Kiangazi cha kabla ya maombi nilikuwa nyumbani London. Mama alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaketi na koti lake na kuninyooshea mkono wa kulia. "Nikande kidogo, mama. Hii shift imenimaliza." Nikaushika kama nilivyofunzwa. Kifundo hakikukunjika kwa ulaini. Kilikwama, kikaachia, kikakwama tena. Nilipoulaza mkono kwenye paja lake, ukaanza kutetemeka wenyewe. Jikoni vitunguu vilikuwa vinaungua, naye hakusikia harufu yoyote. Nikajua pale pale. Parkinson, maradhi ya ubongo yasiyopona.

"Ni uchovu tu, ama?" aliniuliza.

"Ni uchovu," nikasema.

Nilijidanganya kwamba ningemwambia nikishapata nafasi, ili habari mbaya ije pamoja na nzuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka ya kupanda juu kuandika. Barua ilitoka kwa siku moja, tamu kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nikaichapisha ili niisahihishe, na nakala moja nikaisahau kwenye printa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Machi nikapata. Nyurolojia, tena hospitali niliyoiweka ya kwanza. Mama akaitisha ibada ya shukrani: pilau, chapati, watu wametoka hadi Wembley na Thornton Heath. Kwetu shukrani haijakamilika bila ushuhuda, na kila mtu alijua mimi sisimami mbele za watu. Nyimbo zilipoisha akasimama mama, akatoa karatasi zilizokunjwa ndani ya Biblia yake.

"Huyu wangu ni mwoga wa kuongea," alisema. "Lakini haya ndiyo maneno yaliyomfungulia mlango. Niliyapata kwa printer. Sijayasoma, nimeyawekea leo, tuyasikie sote. Mchungaji atatusomea."

Nilizitambua karatasi kutoka nilipoketi. Ningeweza kusimama. Lakini kifungu cha kwanza hakikumtaja mama. Kilihusu mikono na ubongo, na kwa nini daktari wa osteopathia huona kile ambacho wengine hukipita. Na shangazi wa foleni ya chai alikuwa kiti cha mbele. Nilitaka akisikie chote. Nikakaa, nikafurahia kukitazama kisogo chake huku kanisa likiitikia amina.

Mchungaji alikuwa akisoma Kiingereza, kisha anatafsiri, kwa ajili ya akina nyanya waliokuja kutembelea watoto wao. Ulimi wake ulizoea kutangulia. Akakisoma kifungu cha pili, akaanza kukitafsiri kabla hajakielewa.

"Mama yangu ana Parkinson," alisema, sauti ikimfia. "Yeye mwenyewe bado hajui."

Kwa hiyo mama aliambiwa mara mbili. Shangazi akageuka nyuma, tulikoketi mama nami. Hakunitazama mimi. Aliutazama mkono wa mama uliokuwa ukigonga jalada la Biblia, akautazama kwa jicho la nesi, kisha akainamisha kichwa.

Mchungaji akaanza kukunja karatasi.

"Endelea, Mchungaji," mama alisema. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. "Nataka kusikia kama kuna dawa."

Akaendelea, kwa lugha zote mbili. Dawa haikuwamo. Sehemu iliyobaki ilinihusu mimi: subira yangu, moyo wangu, na jinsi ambavyo sitamficha mgonjwa ukweli hata siku moja.