Kikombe cha Chai cha Gekara

Gekara, daktari wa mifugo, hakuwahi kupima mbegu za dume lolote kabla ya kupika chai. Kile kioo chembamba cha hadubini alikiweka kwanza juu ya kikombe kipate joto, maana baridi ya Kericho hulaza mbegu papo hapo. Lakini Jumatatu moja ya Julai 1996 alichelewa kazini, akamkuta Mzee Sigilai mlangoni mwa maabara na mbwa wake Kamanda, dume lenye mguu mmoja mweupe, akaona vibaya kumngojesha zaidi. Chai ikaachwa. Mbegu zikaonekana zimelala tu.

"Mzee, huyu hawezi kuzalisha," akasema, akapiga karatasi muhuri.

Kesho yake, kikombe mkononi, ndipo akakumbuka kile kioo kilikuwa baridi. Angeweza kupiga simu. Aliona aibu, akanywa chai yake. Ijumaa Kamanda akapewa sumu, kwa sababu Mzee Sigilai hakufuga dume tasa.

Oktoba mzee akarudi na kijibwa chenye mguu mmoja mweupe.

"Zawadi yako, daktari. Jike langu lilitoroka likapandwa na mbwa wa jirani. Lakini tazama huo mguu! Bila kipimo chako ningeapa ni mtoto wa Kamanda."

Gekara akakipokea kwa mikono miwili. "Asante, mzee," akasema.