Maji ya Kisima na Treni ya Athmani Dzombo

Athmani Dzombo wa Msambweni ni fundi wa mafriji. Kama uliwahi kunywa kitu cha baridi katika hoteli za Diani, huenda ni mkono wake ulioliponya friji lililokipoza. Ila tangu utotoni ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona kitu kinafanya kazi, lazima ajue kinafanyaje. Redio ya marehemu babake aliifungua yote ikawa vipande. Alichapwa, na kesho yake akaifunga tena ikasema.

Ugonjwa ulimzidi siku alipoona kwenye simu wazee wa Ulaya, mvi zimejaa kichwani, wamekalia treni ya moshi isiyozidi kimo cha mbuzi, magoti karibu na masikio, wanaizunguka bustani. Athmani alicheka. Kisha akaacha kucheka, akairudia video. Kidude kile kinavutaje watu wazima? Mvuke si ni huu huu unaorusha kifuniko cha sufuria?

Basi akaanza. Vyuma alivitafuta kwa wauzaji wa vyuma chakavu karibu na Kona ya Musa, magurudumu akakerezewa Ukunda, na boila akaiunda mwenyewe kwa bomba nene la shaba nyekundu, akiunga kwa vijiti vya silva kama anavyounga mabomba ya friji. Hapo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Miaka ikapita, banda la kuku likageuka karakana. Alipofika kwenye rangi ndipo wazimu wake ulipoonekana wote: kijani kibichi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likisuguliwa kwa msasa wa maji, na nzi akifukuzwa kama mwizi.

Mkewe, Mwanasiti, aliistahimili rangi. Moto ndio uliomtia hofu.

"Baba Hasina," alimwambia, "sufuria ya presha ilipasuka kwa jirani ikatoboa bati. Hicho chako kina moto tumboni. Mimi sitaki kuwa mjane wa birika."

Athmani akamwonyesha jinsi alivyoijaribu boila kwa pampu, imejaa maji ya baridi, kwa nguvu maradufu ya ile itakayobeba, isitoe hata tone. Mwanasiti akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka sharti: iwashwe, lakini siku itakapomtia mashaka, itauzwa kwa kilo. Athmani akakubali. Ahadi ni deni, naye alijua mkewe hasahau.

Reli aliilaza kwa vyuma bapa kuizunguka nyumba, chini ya mikorosho. Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi, maji ya kisimani. Treni ikapumua, fu, fu, fu, ikaondoka! Athmani alitokwa na machozi, na haoni haya kulisema hilo. Ikawa kila akitoka kazini yuko juu yake. Mwanasiti alitazama kutoka kizingitini, asikaribie.

Iddi pili majirani wakajaa uani. Griffin, mpangaji wao anayehudumu mezani hotelini, akapanda kigari cha nyuma. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili treni ikaanza kulegea. Athmani akatazama kijibomba cha kioo kinachoonyesha maji yaliyomo ndani ya boila: nusu, sawasawa kabisa. Akasukuma pampu ya maji. Kioo kikabaki nusu vile vile. Maji ya boila inayotembea huchezacheza. Haya yalikuwa yametulia kama ya kwenye picha.

Watu walikuwa wakitazama, na Mwanasiti miongoni mwao. Angeweza kusingizia makaa. Badala yake alichomoa wavu wa chini unaoshika makaa, moto wote ukamwagika mchangani.

"Mzee, ngoma imezima?" Griffin akauliza. "Si ilikuwa inaenda fiti?"

"Shuka, mwanangu. Na nyinyi nyote sogeeni mbali, tafadhali."

Wakamcheka kidogo, wakamaliza mahamri yao, wakaenda zao.

Ilipopoa akaifungua. Tundu linalopeleka maji kwenye kioo lilikuwa limezibwa na ukoko mweupe, mgumu. Ndani ya boila kulibaki maji ya kikombe kimoja; yangekauka juu ya moto, ingepasuka. Athmani akakaa chini. Umri wake wote ameshughulika na mabomba ya friji yaliyofungwa, gesi ile ile ikizunguka mwaka baada ya mwaka bila kuacha taka. Haikumjia kabisa kwamba maji yakiondoka huacha kitu nyuma, na kisima chao kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe!

Angeweza kunyamaza. Alimwita mkewe akamweleza yote, hata habari ya kikombe kimoja. "Ulikuwa na haki ya kuogopa," alisema. "Nitaiuza."

Mwanasiti aliuchukua ule ukoko, akausaga kwa vidole. "Hii ni chokaa. Ndiyo ninayoikwangua kwenye birika siku zote." Akainama, akachungulia ndani. "Na hiki kijitundu kikizibwa tena, utajuaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Athmani swali zuri kama hilo. Akamweleza kwamba kuna kivali, kijikoki cha kutolea maji, chini ya kioo. Ukikifungua, maji hutoka. Ukikifunga, hupanda tena upesi. Yakijivuta, ujue pameanza kuziba.

"Na ulikuwa ukikifungua?"

"Mwanzoni tu."

"Mwanzoni tu," Mwanasiti alirudia, na Athmani akaona heri angetukanwa. "Niletee ukwaju."

Wakailoweka boila kwa maji ya ukwaju, kama Mwanasiti anavyosafisha masinia yake ya shaba, na chokaa ikatoka vipande vipande. Tangu hapo ikanyweshwa maji ya mvua pekee.

Siku ya kuiwasha tena hawakualika mtu. Mwanasiti alikifungua kile kivali mwenyewe, akayaangalia maji yakipanda, akakifungua mara ya pili. Kisha akaikaza leso yake, akaketi nyuma ya mumewe. Wakaizunguka nyumba polepole. Walipofika usawa wa jiko akamgusa bega.

"Simama."

Athmani akasimamisha. "Kuna nini?"

"Shuka. Nimeshaona unavyofanya."

Akashuka. Mwanasiti akasogea mbele, akausukuma mkono wa kufungulia mvuke, treni ikang'oka. Athmani akaikimbilia ubavuni, mikono ameitanguliza, akisema polepole, mama Hasina, polepole, kwa hofu ambayo hakuwahi kuijua, na mkewe wala hakugeuka.