Buni Tatu za Mama

Mama alituachia kifurushi kidogo cha ganda la mgomba, ndani yake akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ambayo kwetu mgeni hupewa atafune. Zilikuwa zimebaki buni sita. Mimi na mdogo wangu tukagawana tatu tatu.

Yeye ana kibanda pale Nkwenda, anatengeneza hereni na vishikio vya funguo kwa resini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa kama kioo. Siku ya kumaliza matanga alitokea na buni zake ndani ya kidani kisafi, hakina hata kiputo. Kikazunguka mkono kwa mkono, shangazi akalia. Aliyemwogesha mama miaka miwili huku Nyakakika ni mimi, lakini siku ile niliulizwa tu kama chai ipo. Nilimwonea wivu mdogo wangu.

Nikaapa changu kitakishinda chake. Yeye sikumwuliza kitu, nilijifunza kwenye simu. Nilinunua mtungi mzito wa chuma wa kupulizia rangi kutoka kwa fundi samani, nikafungiwa geji na valvu, nikakodi kompresa ya fundi matairi, ikaja imefungwa nyuma ya bodaboda. Maungio yote niliyapaka povu la sabuni, kama mtu anayetafuta pancha. Nilijaribu mara mbili na buni za shambani, zikatoka safi, maana hewa ikikandamizwa mle ndani viputo vinanywea. Sharti ni moja: ukishafunga, usifungue mpaka kesho yake.

Asubuhi moja nikamimina resini juu ya buni za mama, nikafunga, nikajaza hewa. Alasiri mdogo wangu akaingia bila taarifa.

“Shikamoo dada. Kumbe nawe una mtungi! Umemimina lini?”

“Marahaba. Jana,” nikamdanganya.

Bodaboda wake alikuwa anamsubiri nje, na mimi nilitaka aone leo hii, kwa macho yake. Nikaachia hewa, nikafungua mfuniko. Kidani kilikuwa kizuri ajabu, nikamtazama yeye usoni badala ya kukitazama. Ndipo nikaona uso wake unabadilika. Viputo vilikuwa vinachomoza kuzunguka buni, vidogo, kisha vikubwa, mbele yetu.

“Rudisha hewa, dada! Bado mbichi, itapona!”

Nilijua anasema kweli. Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuniko.

“Ndivyo ninavyotaka kiwe,” nikasema, nikaenda kuteleka chai.

Alipoondoka nilikimbilia mtungi, nikafunga, nikajaza hewa mpaka alama ya mwisho ya geji, lakini resini ilikuwa imeshaanza kuganda. Kesho yake nilitoa kipande chenye ukungu, buni za mama huzioni vizuri. Nikakificha kabatini nyuma ya vikombe.

Alikikuta aliporudi wiki iliyofuata, akinisaidia kuandaa chai. Hakucheka. Akavua kidani chake, akanivisha mimi, akakishika changu.

“Hiki umekitengeneza wewe, dada. Nakitaka.”

Sasa anakivaa kibandani kwake. Mteja akiuliza mbona kina ukungu, anamwambia kimetengenezwa na dada yake, yule aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Nilisimama pale Nkwenda nikamsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimevaa kile kisafi shingoni, na bado nikamwonea wivu.